Mswaki wa Umeme



Mwezi uliopita alitujia mama mmoja hapa Kilindoni, baada ya sala ya Alasiri, naye amebeba kijisanduku. Mumewe alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia hauna nguvu tena. Kijana wao aliyeko Marekani akampelekea babake mswaki wa umeme. Mama akasema, "Maalim, mzee ataka kujua, huu nao ni mswaki au ni mchezo wa watoto? Tangu augue ameacha kwenda msikitini; aona haya kusimama na wenzake na kinywa chake ndicho hicho."

Twaanza na sheria. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, wamesema kuwa sunna ya mswaki hupatikana kwa kila kitu kitahiri chenye kukwaruza kiondoacho uchafu wa meno, ingawa mti wa araki ndio bora. Wazee wetu waliichelea miswaki ya dukani kwa kuwa zamani mingi ilifanywa kwa nywele za nguruwe, na hofu yao ilikuwa ya haki. Miswaki ya nailoni ilitoka mwaka 1938, na ya umeme iuzwayo leo ni ya nailoni kwa kawaida. Basi mzee asiwe na wasiwasi.

Miswaki hii yapatikana hasa kwa namna mbili. Mmoja una kichwa kidogo cha mviringo kizungukacho huku na huku; wa pili una kichwa kirefu kitetemekacho kwa kasi kubwa mno. Mwaka 2014 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 56, wakaona kwamba baada ya miezi mitatu miswaki ya umeme hupunguza ukoga kwa asilimia 21 zaidi ya ile ya mkono, na uvimbe wa ufizi kwa asilimia 11. Ni faida, wala si muujiza. Mwenye mkono mzima na subira hutosheka na mswaki wa bei ndogo. Lakini aliyepooza, au atetemekaye mikono, huyu mashine yamfanyia kazi ile hasa iliyomshinda.

Wengi hukosea kuusugua kama wasuguavyo sufuria. Kusugua ni kazi ya mashine; wewe uushike kwa wepesi, uusogeze jino kwa jino hadi mpaka wa ufizi, dakika mbili, yaani nusu dakika kwa kila robo ya kinywa. Mingi ina saa ndani yake itoayo ishara, na mingine huonya ukikandamiza. Hayo yafaa kulipiwa. Kuunganishwa na simu ni pambo tu la kupandisha bei.

Tukirudi kwa mama yetu: tulipokifungua kijisanduku, chaja ilikwisha ungua. Iliandikwa volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Mwenye ndugu ng'ambo amwambie atafute iliyoandikwa 100 hadi 240. Wale ambao umeme haujawafikia, au hukatika mara kwa mara, wapo wa kutumia betri ndogo kama za redio.

Aidha ulizeni bei ya vichwa kabla ya kununua. Kichwa hubadilishwa kila miezi mitatu, au mapema nyuzi zikitawanyika, na kisichopatikana hapa kitangojea boti ya Nyamisati. Kila mtu awe na kichwa chake. Chuoni kwetu tumewaona watoto wa nyumba moja wakitumia mswaki mmoja. Baba wa hao asifikirie mashine kabla ya kumpatia kila mtoto mswaki wake wa kawaida na dawa ya meno yenye floraidi. Na katika Ramadhani, tupige mswaki baada ya daku, kabla ya Alfajiri, kwani dawa ya meno ikimezwa mchana kwa kusudi hufunguza, na mafakihi wetu wamekirihisha mswaki kwa mwenye saumu baada ya jua kupinduka.

Shangazi wa yule kijana alinunua Kariakoo mswaki wa betri ndogo, akauleta kwa boti. Mzee aushika kwa mkono wa kushoto. Ijumaa iliyopita tulimwona safu ya pili, ameketi kitini.