Dhahabu ina mizani, muziki wetu hauna: somo la Sisso na Maiko kwa madijei wa Kahama na Geita

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee muziki. Ila msikimbie, maana habari hii ina hela ndani yake, na mwisho mtaona kwamba hata siasa imo.

Majuzi nilikuwa Katoro na washikaji zangu wawili wanaopiga muziki kwenye mabaa na machimboni. Majina yao nayahifadhi. Mmoja anakaa na kompyuta, mwenzake ana kinanda ambacho nusu ya vitufe vyake vimeshikwa na gundi. Wanachukua nyimbo za Kisukuma, zile za wigashe na za mashindano ya ngoma, wanaziongezea mapigo ya singeli. Jamani, watu walicheza mpaka saa kumi alfajiri! Wachimbaji, mama lishe, madereva wa bodaboda, wote vumbi moja.

Makubaliano yalikuwa shilingi 80,000 kwa wote wawili. Asubuhi mwenye baa akawapa 30,000 na soda mbili. "Vijana wangu, duara halijatema wiki hii, mtanielewa." Wakamwelewa, wangefanya nini? Walikubaliana kwa mdomo tu. Nauli ya kurudi Kahama na bodaboda ya kubeba vyombo ikala 14,000. Zikabaki 16,000, kila mtu 8,000. Kwa usiku mzima.

Nimefika nyumbani, nafungua simu, nakutana na video ya Watanzania wengine wawili wanapiga muziki wa aina hiyohiyo, mmoja wao yuko kwenye kinanda. Mbele yao Wazungu wanaruka kama wamekanyaga siafu. Hao ni Sisso na Maiko. Usingizi ukaniisha. Nikajiuliza, kati ya hawa wawili na wale wawili wangu, tofauti ni nini hasa? Ni kipaji? Kwa mtazamo wangu, hapana. Twende taratibu.

HAWA SISSO NA MAIKO NI AKINA NANI?

Kwa wasiowajua, hawa ni vijana wa Dar es Salaam, wa kundi la Sisso Studios kule Mburahati. Ni singeli hii hii iliyozaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye vigodoro. Madijei walikuwa wanachukua kipande cha ala za taarabu, wanakikimbiza na kukirudiarudia, MC anachana juu yake. Mchiriku nao umo humo na vile vinanda vyake vidogo. Muziki wa house unaopigwa klabu nyingi duniani unakwenda mapigo kama 120 mpaka 130 kwa dakika. Singeli inavuka 200, na kuna nyimbo zinakaribia 300. Moyo wa mtu mzima haujazoea mambo hayo!

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio hiyo unaoitwa Sounds of Sisso. 2018 ikaja Poaa ya Bamba Pana. 2019 Sisso akatoa Mateso, na mwenzake Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa, jina ambalo peke yake lingetosha kuwa kichwa cha makala hii. 2022 ikaja Mr Mixondo ya DJ Travella. Halafu 2024 Sisso na Maiko wakatoa albamu yao wawili, Singeli Ya Maajabu. Lebo hiyo ina ndugu yake, tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015 kule Jinja, na watu wa matamasha ya nje hufika pale kutafuta wasanii.

Sasa angalieni vizuri huo mstari. 2017 mpaka 2024 ni miaka 7. Kila kazi ina jina, ina mwaka, ina mwenyewe. Mtu akiwa Berlin au Tokyo akisikia sauti akaipenda, anajua amtafute nani. Hamna uchawi pale. Ni uandikaji tu.

HUKU KWETU SASA

Huku kwetu wimbo unatoka hivi. Dijei anapika mchanganyiko usiku, asubuhi anampa rafiki kwenye flashi, rafiki anampa dereva wa Hiace, dereva anaupeleka Kakola, Masumbwe, Runzewe, Nyarugusu. Ndani ya wiki moja mkanda wote wa dhahabu unaucheza. Faili lenyewe linaitwaje? "Singeli kali ya Kisukuma mpya". Basi. Hakuna jina la aliyepiga kinanda wala la aliyeimba. Hata namba ya simu hamna.

Mimi nalijua hili kwa sababu nilikuwa sehemu yake, naomba niseme ukweli. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa mwaka mzima kwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi. Nyimbo thelathini kwa shilingi 1,000. Siku ya mnada nilikuwa naondoka na hela kuliko mwanamuziki yeyote niliyekuwa nauza kazi yake. Na nilikuwa nabadilisha majina ya mafaili kwa mkono wangu, naweka jina la kibanda chetu mbele ili mteja akumbuke pa kurudi. Jina la msanii nikilifuta kabisa. Nilikuwa naona ni ujanja wa mjini...

Wadau wa Geita watanielewa nikitumia mfano wa dhahabu. Zamani mchimbaji mdogo alikuwa akipata kipande chake anakipeleka kwa kota. Kota ana mizani yake, bei yake kichwani, na anajua wewe una njaa. Unauza gizani. Januari 2019 wachimbaji wadogo walikutana na Rais Magufuli wakaeleza kilio chao, wakaondolewa VAT ya asilimia 18 na ile kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi 2019 soko la madini likafunguliwa Geita. Sisemi pale kila kitu ni safi, siyo mtoto mdogo mimi. Lakini kuna mizani inayoonekana, kuna bei inayojulikana, na kuna karatasi yenye jina la muuzaji.

Muziki wetu bado uko kwa kota. Hakuna mizani, bei anataja mwenye baa, na akisema duara halijatema, wewe na kinanda chako mnakwenda nyumbani.

TUSIDANGANYANE, HATA SISI TUNA MAKOSA

Hapa ndipo patakapoleta ubishi, lakini lazima niseme.

Wale washikaji zangu walipomaliza kulalamika kwenye Hiace, mzee mmoja aliyekaa kiti cha nyuma akauliza, "Vijana, ule wimbo mliopiga jana wa kusifia jembe, mnamjua aliyeutunga?" Wakasema hapana, wameutoa kwenye flashi. Mzee akasema anamjua, ni ningi wa kijiji cha jirani na kwao, bado yuko hai, amezeeka. "Na yeye mmempa shilingi ngapi?" Gari zima kimya. Mimi nikatazama dirishani.

Kwa wasio Wasukuma, ningi ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Na sisi Wasukuma mashindano ya muziki hatukufundishwa na klabu. Tangu enzi za mababu kuna pande mbili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vikundi viwili vinasimama uwanja mmoja, vinapiga kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, dawa zake na vituko vyake. Watu wanakimbilia huku, wanakimbilia kule. Penye watu wengi ndiyo mshindi. Mpaka leo ukienda Bujora kule Kisesa, Mwanza, kwenye sikukuu ya Bulabo, utayaona. Sasa niambieni, hiyo ina tofauti gani na madijei wawili wanaopimana ubavu ukumbini? Ni kitu kilekile, umeme tu ndio umeongezeka.

Tofauti ni moja. Kwenye mashindano yale ningi alijulikana. Alishinda, jina lake likavuka vijiji. Sisi wa remiksi tumechukua sauti yake tukaacha jina lake mlangoni. Mwenye baa anatufanyia sisi kile ambacho sisi tumemfanyia mzee.

SIYO BONGO PEKE YAKE

Wapo wanaodhani wenzetu wa nje walizaliwa na mikataba mkononi. Siyo kweli. House yenyewe ilianzia Chicago, Marekani, kwenye klabu ya Warehouse iliyofunguliwa 1977, dijei akiwa Frankie Knuckles. Walikuwa vijana weusi wakirefusha sahani za zamani na kuongeza ngoma za mashine, kama vile madijei wa vigodoro na taarabu yao. Wengi walitoa kazi zao kwa lebo bila kuelewa walichosaini. Larry Heard na Robert Owens, waliopiga pamoja kwenye kundi la Fingers Inc. miaka ya 80, ilibidi waishtaki lebo ya Trax Records mwaka 2020. Mwaka 2022 wakamalizana nayo na haki za nyimbo zao zikarudi kwao. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miaka 30 ya kusubiri! Na hao walikuwa na majina yao kwenye sahani. Je, sisi ambao faili letu linaitwa "Singeli kali" tutamshtaki nani, na kwa ushahidi gani?

SHERIA IPO?

Ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA imetokana nayo. Sheria hiyo inagusa kazi mpya iliyotokana na kazi ya mtu mwingine, yaani remiksi zetu hizi, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi pia. Januari 2022 serikali kupitia COSOTA iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wanamuziki. Kuna waliocheka kwamba ni hela ndogo wakigawana. Sawa, ni ndogo. Lakini mirabaha inakwenda kwenye jina. Wimbo usio na jina hata zikigawiwa bilioni mia utapata sifuri.

Najua kuna mdau atasema singeli ni uhuni, haistahili kulindwa. Kaka, hata wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond ulifungiwa na BASATA Novemba 2018 kwa sababu ya maadili, na hiyo ni hoja ya kujadiliwa. Lakini maneno mabaya ni jambo moja na jasho la mpiga kinanda ni jambo lingine. Mbona dhahabu hatuulizi mchimbaji ana tabia gani?

TUFANYE NINI?

Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, sheria sijasomea. Haya ni niliyoyaona kwa macho.

Kwanza, jina. Faili lisitoke kwenye kompyuta bila jina la dijei, la mpiga kinanda, la mwimbaji na mwaka. Haigharimu hata shilingi.

Pili, karatasi. Kabla ya kupiga, nusu ya hela mkononi na makubaliano yaandikwe, hata kwenye daftari la shule, pande zote zisaini. Nyie wawili mnaopiga pamoja nanyi muandikiane nani anapata ngapi. Urafiki mwingi umekufa siku hela ilipokuja.

Tatu, sajilini kazi zenu. Mnachimba bila leseni halafu mnashangaa eneo likichukuliwa?

Nne, mzee ningi. Mtafuteni. Mwendeeni na sukari na sabuni, muombeni ruhusa, muandikeni kwenye wimbo na mumpe sehemu yake.

Tano, wamiliki wa mabaa na klabu. Wazee wetu, mnalipa bia kabla haijashushwa kwenye gari. Muziki ndio unaouza hiyo bia. Duara likikataa kutema, tajiri wa bia hamumwambii "utanielewa".

NINACHOKIOGOPA

Buzwagi pale Kahama ilianza uzalishaji 2009, ikafunga 2021. Miaka 12 tu, na mji mzima ukabaki unajiuliza itakuwaje. Mawe yanaisha, hiyo ni hulka yake. Nyimbo haziishi, lakini watunzi wanaisha. Huyo mzee wa wimbo wa jembe akiondoka kabla hajaandikwa popote, tutabaki na faili lisilo na baba.

Wale washikaji zangu walishukia stendi bila kuagana na mtu. Juzi nimewapigia, mmoja akaniambia wameshapata namba ya mtoto wa yule mzee, Jumapili wanakwenda. Wameniomba niwasindikize, na nimekubali. Nitabeba ile memori kadi ya zamani ya kibandani, nimsikilizishe mzee nyimbo moja baada ya nyingine, anitajie ya nani ni ipi, nirudishe majina niliyoyafuta.

Karibuni tujadili kwa hoja, matusi hapana. Madijei wa Katoro, Kakola na Nyarugusu, hasa nyie nataka kuwasikia: mara ya mwisho mlilipwa kamili ilikuwa lini?

Naomba kuwasilisha.