AKIBA YA UMEME ISISAHAULIWE

Hapa Buhongwa, mlangoni mwa jiji la Mwanza kwa atokaye Shinyanga, saa ambazo jua huwaka kwa ukali sizo saa ambazo umeme huhitajiwa zaidi. Jua likishazama ndipo taa huwashwa, televisheni hufunguliwa, na mzigo wa gridi hupanda. Hilo ndilo fumbo la umeme wa jua, na tunaona ni wajibu wetu kulizungumza mapema.

Twasema mapema, kwa sababu Serikali imekwisha kuichagua Kishapu, katika mkoa jirani wa Shinyanga, kwa mradi mkubwa wa jua. Mradi huo umepangwa kufikia megawati 150, awamu yake ya kwanza ikiwa megawati 50. Tunaupongeza bila kigugumizi. Lakini jua halipokei amri ya mtu. Bila akiba, umeme wake hautamfaa anayetafuta mwanga saa mbili usiku.

Taifa letu si geni katika kuweka akiba hiyo. Bwawa la Mtera lilijengwa ili lihifadhi maji ya masika kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204. Maji yaliyozuiwa ni umeme uliolala. Basi jua likiwaka mchana, maji ya mabwawa yetu yaweza kubanwa, kisha yakafunguliwa jioni. Kazi hiyo yadai mipango mizuri na njia imara za kusafirisha umeme kutoka kusini hadi huku Ziwani.

Ndugu zetu wa visiwani, ambao hawajafikiwa na nyaya za gridi, hawana bwawa la kufungulia. Akiba yao ni betri. Kisiwani Ukara, kijiji cha Bwisya kilianza kupata umeme wa jua wenye betri mwaka 2016. Mwaka 2020 Serikali iliagiza bei ya umeme wa mitambo ya namna hiyo ishushwe hadi shilingi 100 kwa uniti. Agizo hilo lilikuwa la haki, kwa maana mvuvi wa Ukara ni mwananchi sawa na mkazi wa Buhongwa.

Hata hivyo, haki hiyo ina gharama. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya umeme hukaa katika chombo kinachochakaa. Betri za risasi hudumu miaka michache; za lithiamu hudumu zaidi; mwisho wa zote ni kubadilishwa. Hatuamini kwamba shilingi 100 zaweza kuubeba mzigo huo peke yake. Mzigo huo usipotajwa leo, utajitaja wenyewe siku taa zitakapozimika, huku mama akijifungua gizani na samaki wakiharibika kwa kukosa barafu.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa Wizara ya Nishati na Wakala wa Nishati Vijijini watenge fungu maalumu la kubadilishia betri za visiwani, na wananchi waelezwe waziwazi limetengwa kiasi gani. Kishapu nako, hesabu ya akiba iingie katika mradi tangu sasa. Nao wananchi wa visiwani wailinde mitambo yao, wala wasijiunganishie umeme kwa wizi, maana wizi huo huila akiba ya jirani.

Kuvuna jua tumeanza. Sasa tujenge ghala.