Barazani: Nini Kimebaki Kwenye Meza ya Reli?



Mwezi uliopita tuliahidi kuzungumzia namna ya kuwashughulisha watoto wetu katika majira haya ya baridi, ambapo giza la Uingereza huingia saa kumi za jioni na televisheni ikawa ndiyo yaya wa nyumba nzima. Mada hiyo imetufikisha mahali ambapo hatukupadhania, nako ni kwenye vitreni vya kuchezea. Au tuseme vitreni ambavyo wenyewe hukasirika wakisikia vikiitwa vya kuchezea.

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba tuliwachukua vijana wanne wa madrasa hadi kwenye ukumbi wa skuli moja ya mji huu, ambako wapenzi wa reli ndogo hufanya maonyesho yao kila mwaka. Tulikuta meza ndefu zilizotandikwa reli, milima, mito, vijiji na stesheni, na nyuma ya kila meza mzee wa Kiingereza mwenye miwani na bisibisi mfukoni. Watu wengi wa hapa hutumia kipimo kiitwacho OO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 76 na reli huwa na upana wa milimita 16.5. Bara la Ulaya hupenda zaidi HO, ambacho hupunguza mara 87 juu ya reli ya upana ule ule. Na asiye na nafasi huchukua N, ambayo upana wa reli yake ni milimita 9 tu, akajenga mji mzima juu ya ubao wa kupigia pasi.

Kijana wetu mmoja, aliyezoea kuuliza maswali hadi mwalimu akachoka, alizunguka meza baada ya meza na swali moja: “Bwana, nini bado kimebaki kuongezwa?” Hakuna hata mmoja aliyejibu kwamba amemaliza.

Wa kwanza alitaka meza ya duara ya kugeuzia vichwa vya treni, iendeshwe kwa mota na isimame sawasawa kila inapofika kwenye njia. Wa pili alitaka nguzo za ishara ambazo mikono yake hupanda na kushuka kama zamani. Wa tatu alikuwa na vichwa arubaini vya treni, na shauku yake ilikuwa kuviingiza vyote katika mfumo mpya wa umeme. Katika mfumo wa kale, umeme uliomo relini huendesha kila kichwa kilichosimama juu ya njia hiyo kwa pamoja. Katika huu mpya, kila kichwa hubeba ndani yake kijibao cha elektroniki chenye nambari yake, kikaitwa peke yake kwa nambari hiyo, kikaenda, kikasimama, hata kikapiga honi. Wa nne alitaka uchafu! Alisema treni inayong’aa ni uwongo, na kwamba kazi iliyomngoja ni kupaka masizi na kutu. Wa tano hakutaka kitu ila nafasi, na mkewe, aliyekuwa akiuza chai mlangoni, akatikisa kichwa.

Maradhi haya ya kutokumaliza hayawachagui wenye vyumba vidogo. Kule Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 jumba la reli ndogo liitwalo Miniatur Wunderland. Wakaongeza nchi baada ya nchi, wakaongeza uwanja wa ndege, na ilipofika mwaka 2021 walikuwa wamejenga daraja juu ya mfereji ili wavuke hadi jengo la pili na kupata mahali pa kuiweka Rio de Janeiro.

Lakini jawabu lililotukaa moyoni lilikuwa la mzee wa mwisho, aliyekaa pembeni na stesheni moja ndogo ya shamba. Kila kitu kilikuwapo: jukwaa, tangi la maji, ua la maua. Alipoulizwa alifikiri kidogo, kisha akasema kimebaki baiskeli, kwa kuwa palikuwa na baiskeli iliyoegemezwa ukutani pale siku zote, naye hakumbuki ilikuwa ya rangi gani. Stesheni yenyewe haipo tena. Ripoti ya Dkt. Richard Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 katika nchi hii, na nyingi zikafungwa. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba wengi wa wazee hawa hawachezi. Wanakiandika kile kilichoondolewa, na baiskeli ni neno lililosahauliwa katika sentensi.

Tena si wenyeji peke yao. Roye England alizaliwa Australia, akaja Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana. Aliona nyumba za kale za vijijini zikibadilishwa mbele ya macho yake, akaanza kuzipima na kuzijenga upya kwa karatasi ngumu, kwa kipimo cha moja kwa 76. Mwaka 1954 akaasisi jumba la Pendon katika kijiji cha Long Wittenham. Alifariki mwaka 1995 kazi haijaisha, na waliobaki wakaiendeleza. Mgeni ndiye aliyeona kinachopotea, kwa kuwa mwenyeji alikwishazoea.

Basi na sisi wageni, tuna nini mezani?

Yuko mzee wetu mmoja, mkaazi wa mtaa wa pili kutoka msikitini, ambaye wengi wenu mwamjua kwa kofia yake. Alikuwa gadi wa treni katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yetu. Tulipokwenda kumwamkia tulimkuta katika chumba cha nyuma, ameweka ubao wa mita tatu na nusu, mchanga mwekundu umemwagwa juu yake na kugandishwa kwa gundi, na mibuyu miwili imesimama, iliyotengenezwa kwa waya na karatasi iliyorowekwa.

“Shikamoo mzee wetu.”

“Marahaba wanangu. Karibuni Mackinnon.”

Mzee alitueleza shida zake. Reli ya kwetu ya zamani ilikuwa na upana wa mita moja, wala si upana wa Kiingereza. Ukipunguza mara 87 wahitaji reli ya milimita 12, nayo hupatikana kwa kuwa Waswisi nao wana reli za mita moja na wapenzi wao wengi. Kwa hiyo treni ya Mombasa kwa mzee wetu yapita juu ya reli iliyotengenezwa kwa ajili ya milima ya theluji.

Shida ya pili ni masafa. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 530. Hata ukizipunguza mara 87, wabakiwa na kilomita 6. Chumba ni mita nne. Hapana budi mtu achague mahali pamoja, na mengine ayaache.

Shida ya tatu ni kichwa chenyewe. Mzee anajenga Garratt ya daraja la 59, zile 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima yetu na kupakwa rangi ya damu ya mzee. Moja wapo, iitwayo Mount Gelai, ingali katika jumba la makumbusho la reli Nairobi. Garratt ina seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na dungu la mvuke limening’inia katikati, ndipo jitu hilo la zaidi ya mita 30 likaweza kukata kona. Mezani lina zaidi ya sentimita 35, na mzee analiunda kwa plastiki juu ya mota za treni mbili kuukuu.

Na alichokichagua, wasomaji, ni msikiti wa Mackinnon Road, ule uliopo baina ya barabara kuu na reli ya zamani, penye kaburi la Seyyid Baghali. Huyu alitoka Punjab kuja kujenga reli, na watu husimulia kwamba karai la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila ya kukigusa. Wangapi katika nyinyi mmesimama pale, mkatawadha, mkasali, kisha mkaendelea na safari? Msikiti wa mzee umekwisha kuta na kuba. Imebaki milango, kwa kuwa hakumbuki rangi yake ya miaka ile. Aliwauliza wenzake watatu kwa simu, kila mmoja akataja rangi mbalimbali, nao wote wameapa.

Tulimuuliza kuhusu watu, maana meza za Waingereza zimejaa vijitu vya plastiki. Mzee akasema hataki sanamu nyumbani mwake. Tunafahamu kwamba wanazuoni wamelizungumza suala la vinyago vya watoto kwa rai zaidi ya moja, na sisi hatutoi fatwa. Mwenye shaka amuulize shekhe wake. Tulilolipenda ni ufumbuzi wake. Ataweka viatu, safu za makubadhi na viatu vya safari mlangoni mwa msikiti, ili kila atazamaye ajue kwamba watu wamo ndani na sala imesimama. Kiatu kimoja kwa kipimo hicho ni milimita tatu. Mzee ana mtoto wa jicho na hawezi tena kazi hiyo, hivyo anayevikata, kwa karatasi ya bahasha, ni mjukuu wake wa kike mwenye miaka kumi. Amekwisha fika jozi kumi na tisa.

Hatufichi kwamba nyumba hiyo imegombana. Mwanawe mkubwa alituambia waziwazi kwamba fedha za reli zingemalizia paa la nyumba ya Likoni. Ana haki. Mambo haya ni kama maji ya bahari, kila unywapo kiu huzidi, na israfu ni israfu hata ikiwa na magurudumu. Wamekubaliana kiwango cha mwezi kisichozidi bei ya chakula cha jioni kimoja cha dukani, na kila kitu kiwe cha mkono wa pili. Lakini mwana huyo huyo alikiri kwamba hakuwa akijua baba yake alilala wapi usiku treni ilipokwama Voi kwa mafuriko, mpaka binti yake alipouliza huku akikata viatu. Watoto wetu hawatuulizi habari za kwetu tukiwakalisha kitako na kuwahutubia. Wanauliza mikono yao ikiwa na kazi.

Kwa hivyo ombi letu mwezi huu ni dogo. Ikiwa unayo picha ya zamani uliyopiga au kupigwa Mackinnon Road, hata kama mlango unaonekana nusu tu nyuma ya bega la shangazi yako, tafadhali ilete madrasani Jumamosi baada ya darasa, tutaitoa nakala na kukurudishia. Na ikiwa huna picha bali una kumbukumbu ya rangi, njoo nayo pia. Mzee ameahidi hatopaka mpaka apate mashahidi wawili wanaokubaliana.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumzia ushonaji wa kofia.

Wabillahi tawfiq.