BEI IANDIKWE, TENA IANDIKWE KWA FRANKA



Kuna jambo linaloonekana dogo machoni, lakini ni kubwa mfukoni. Kila mwisho wa mwezi watu wanalinung'unikia nyumbani, na wachache wanalisema mbele ya wenzao. Jambo lenyewe ni bei katika magazini ya miji yetu. Nyingine haziandikwi hata kidogo. Nyingine zinaandikwa kwa dola, na mnunuzi ana franka mkononi. Nyingine mtu anazijua tu akiisha kufika mbele ya kasha, watu wamepanga mstari nyuma yake, naye anaona haya kurudisha vitu.

Je, nchi yetu haina sheria? Inayo, na si ya jana. Amri ya bei ilitolewa tarehe 20 Machi 1961, hata miezi tisa haijatimia tangu Uhuru. Mwaka 1983 ikageuzwa: muuzaji akapata ruhusa ya kupanga bei yake mwenyewe, na Serikali ikajiwekea kazi ya kukagua baadaye. Tarehe 9 Julai 2018 ikatoka sheria nyingine, ya uhuru wa bei na mashindano ya biashara. Nayo pia inamwachia muuzaji apange bei, isipokuwa kwa vitu vichache kama maji, umeme, petroli na safari za watu.

Sisi hatukatai uhuru huo. Mtu aliyenunua mali yake kwa jasho ana haki ya kuipangia bei. Lakini uhuru wa kupanga bei si uhuru wa kuificha. Mashindano ya biashara ni nini, kama mnunuzi hawezi kulinganisha magazini hii na ile ya ng'ambo ya barabara? Bei isiyoandikwa inapangwa kwa kutazama uso wa mtu, viatu vyake, na kama leo ni siku ya mshahara.

Wafanya biashara wanatujibu: "Franka haitulii. Nikiandika asubuhi, jioni nimekwisha kupata hasara." Neno hili tusilicheke, maana lina mizizi. Wazee wetu waliona makuta yakifa mkononi. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka 1. Mtu aliyeweka akiba katika sanduku alijikuta ana karatasi. Ndipo watu wakakimbilia dola. Mwaka 1999 Serikali ikakataza biashara ya ndani kwa makuta ya kigeni. Dola haikufa, ilijificha. Mwaka 2001 ruhusa ikarudishwa. Basi tunajua ya kuwa dola haiondoki kwa kufokewa.

Lakini tupige hesabu, maana ukarani ndiyo kazi yetu. Tuseme mfuko wa bunga wa kilo 25 umeandikwa dola 20. Nje, mbele ya mlango, wabadilishaji wa makuta wanahesabu dola moja kwa franka 2.400. Ndani ya magazini muuzaji anahesabu kwa franka 2.600. Mwenye franka atalipa 52.000, kumbe kwa hesabu ya nje angelipa 48.000. Franka 4.000 zimekwenda, na bei ya mfuko haikupanda hata senti moja! Sasa aje mwingine na noti ya dola 50. Chenji yake ni dola 30, lakini anarudishiwa franka, na safari hii dola inahesabiwa kwa 2.300. Anapokea 69.000 mahali pa 72.000. Mwenye franka amepoteza, na mwenye dola amepoteza vilevile. Na kama noti yake imepasuka kidogo pembeni, inakataliwa kabisa.

Hapo ndipo wizi unapokaa, wandugu. Haukai katika bei. Unakaa katikati ya bei na makuta yanayolipwa, mahali pasipoandikwa kitu.

Mwaka 2025 ulitufundisha zaidi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka ule franka ilipata nguvu. Dola iliyokuwa imepita franka 2.800 ilishuka chini ya 2.500. Tulingoja bei zishuke nazo. Wakubwa wa Serikali walisema zishuke. Lakini katika magazini nyingi bunga, mafuta, sabuni na tomsoni vilibaki palepale. Dola ikipanda, bei ya franka inapanda siku hiyohiyo, pengine saa hiyohiyo. Dola ikishuka, tunaambiwa mali hii ni ya zamani, ilinunuliwa kwa hesabu ya zamani. Namna gani mali ya zamani inajua kupanda lakini haijui kushuka? Kama bei ingalikuwa imeandikwa kwa franka juu ya kila kitu tangu mwanzo, watu wote wangaliona nani amepunguza na nani amekataa. Pasipo maandishi hakuna ushahidi. Kila mmoja alibaki na hasira yake.

Katika nchi hii ya shaba tuna sababu nyingine ya kulitazama jambo hili. Zamani za Wabeleji, Union Minière iliwapa wafanya kazi wake posho: bunga, samaki, mafuta, kwa kadiri ya watu wa nyumba. Mwenye posho hakuuliza bei, maana hakuchagua. Alipokea. Leo tunapokea mshahara na kununua wenyewe, na kujua bei kabla ya kutoa makuta ni sehemu ya kuwa mtu mzima katika nchi yake. Yule anayeambiwa bei mbele ya kasha bado anapokea posho, ila sasa anailipia.

Basi tunataka nini? Mambo manne, na yote yanawezekana.

Kwanza, bei iandikwe kwa franka, juu ya kitu au karibu nacho, kwa herufi zinazosomeka. Anayetaka kuongeza dola pembeni, aongeze.

Pili, magazini inayopokea dola iandike mlangoni hesabu yake ya siku: dola moja ni franka ngapi. Hesabu hiyo iwe moja kwa kulipa na kwa kurudisha chenji. Hesabu ikigeuka, aifute na kuandika nyingine mbele ya macho ya watu. Hapo neno la hasara limepata jibu: hatumkatazi kugeuza, tunamkataza kugeuza gizani.

Tatu, kipimo kiandikwe pamoja na bei. Bei ya mfuko bila kilo zake ni nusu ya habari.

Nne, wakaguzi waanze juu. Bunga na mali nyingine zinazopita Kasumbalesa zinafika kwanza mikononi mwa wenye depo. Hao ndio wanaoamua mapema mama wa soko atauza meka kwa bei gani. Yeye ana meza moja na beseni mbili. Bei yake anaitangaza kwa sauti, watu wanapatana naye, na mara nyingi anaongeza matabishi. Tusikubali amri nzuri igeuzwe kuwa njia ya kumtoza huyu mama franka zake za asubuhi, na wenye depo wanaachwa walale. Mkaguzi atakayemwandikia mtu kosa, ampe karatasi yenye muhuri, na makuta yaende katika kasha la Leta.

Serikali ina sheia yake, na sisi tuna yetu. Ndugu, usione haya kuuliza bei kabla ya kuweka kitu katika kikapu. Uliza dola inahesabiwa kwa ngapi kabla ya kutoa noti. Omba karatasi ya malipo, uihesabu ukiwa bado ndani. Aliye na shule amsaidie mama asiyesoma. Hesabu si siri ya makarani. Na magazini inayoandika bei zake vizuri, hata kama ni ya mtu mdogo, tuijaze sisi, ili wengine waone ya kuwa ukweli nao unaleta faida.

Hatuombi bei ya bure. Tunaomba bei inayoonekana. Mfanya biashara mwenye haki hatapoteza kitu kwa maneno haya. Yule atakayekasirika, tumwulize kwa adabu: ulikuwa unaficha nini?