Je, Yaliyopita si Ndwele?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita. Wengi wenu mlikuwapo ukumbini Jumamosi ile Chama cha Mdahalo kilipojadili hoja isemayo kwamba mabaraza ya miji yana wajibu wa kulipia madhara ya ubaguzi uliofanywa na mabaraza yaliyoyatangulia. Mimi nilikuwa upande wa kuiunga mkono, nasi tulishindwa vibaya sana. Sikasiriki kwa kushindwa. Wenzetu walisema vizuri, na msemaji wao wa mwisho, ambaye ni ndugu yangu wa bweni moja, aliwachekesha watu hata Mwalimu mlezi akavua miwani afute machozi. Lakini silaha aliyotumalizia nayo ilikuwa methali: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ukumbi ukapiga makofi, shauri likaisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiri methali hiyo. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Basi anayeyasema maneno hayo amekwisha kujifanya tabibu: amemtazama mgonjwa, akatoa hukumu kwamba haumwi. Ni nani aliyemwita? Nimeona ya kuwa mara nyingi methali hii husemwa na yule asiye na kidonda.

Mfano wetu mkubwa siku ile ulikuwa mji wa Evanston, Marekani, na nakiri hatukuueleza sawasawa, maana dakika saba ni chache na mimi nikiona watu wengi husema mbiombio. Nauleza sasa.

Evanston ni mji wa watu wapatao 78,000 katika jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan, upande wa kaskazini wa Chicago. Una chuo kikuu mashuhuri, Northwestern. Sisi tuliosoma historia ya Marekani kwa haraka tunadhani mabaya yote yalifanyika Kusini, kwenye mashamba ya pamba. Evanston uko Kaskazini, na watu weusi waliuendea kwa hiari yao, wakitoka Kusini kutafuta kazi na amani. Kazi waliipata. Pa kukaa ndipo palipokuwa na taabu. Hawakufukuzwa kwa bunduki. Walisogezwa kwa karatasi. Hati za viwanja ziliandikwa sharti kwamba mahali hapa pasiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Madalali hawakuwaonyesha nyumba ila za upande mmoja wa mji. Mwaka 1921 Baraza la Mji likapitisha sheria ya mpango wa ardhi, na sehemu walizokuwa wakikaa watu weusi karibu na katikati ya mji zikageuka kuwa mahali pa biashara. Nyumba nyingine ziling'olewa zima zima zikapelekwa upande wa magharibi, katika kipande cha mji ambacho leo huitwa Kata ya Tano. Miaka ya 1930 ikaja, na ramani za serikali kuu za mikopo ya nyumba zikaipaka kata hiyo rangi nyekundu, yaani mahali pa hatari, mwenye benki asiweke fedha yake.

Kwa Mmarekani wa kawaida nyumba ndiyo ng'ombe wake. Ndiyo anayoiwekea rehani mtoto aende chuo, ndiyo anayoirithisha. Aliyenyimwa mkopo mwaka 1938 hakunyimwa peke yake. Alinyimwa pamoja na mjukuu wake ambaye hajazaliwa. Ndipo ninapogombana na methali. Kama jambo la 1938 lingali likionekana katika bei ya nyumba na katika urithi wa watu walio hai, limepita wapi?

Hata ugonjwa wenyewe, ule wa homa na majeraha, ulikuwa na mlango wake. Hospitali ya mji ilikuwa haiwalazi watu weusi, basi mwaka 1914 Daktari Isabella Garnett na mumewe, Daktari Arthur Butler, wakafungua mahali pa kutibia nyumbani mwao. Na sisi wanafunzi tutazame habari ya shule. Kata ya Tano ilikuwa na shule yake, iitwayo Foster. Mwaka 1967 wakuu wa elimu walitaka kuwachanganya watoto weupe na weusi, nia njema kabisa, lakini shule iliyoacha kuwa ya mtaa ilikuwa Foster, na walioingia katika mabasi kila asubuhi kwenda mbali walikuwa hasa watoto weusi. Iliwachukua wakuu hao mpaka mwaka 2022 kukata shauri la kuijengea kata hiyo shule nyingine. Miaka 55! Mwaka 1967 babu yangu alikuwa hajajifunza kushona.

Sasa, Baraza lilifanya nini? Wanahistoria wawili wa huko, Dino Robinson na Jenny Thompson, walikusanya kumbukumbu za zamani, sheria, ramani na magazeti, wakaandika taarifa juu ya yale ambayo mji uliwatendea watu weusi tangu 1900. Mwaka 2019 Baraza, likihimizwa na diwani wa Kata ya Tano, Bibi Robin Rue Simmons, likakubali kutenga dola milioni 10 za kwanza kutokana na kodi ya bangi, ambayo sheria ya Illinois iliruhusu iuzwe madukani tangu Januari 2020. (Najua mliguna tulipoitaja bangi, na Padre alikohoa. Lakini fikirini: watu weusi wa mji ule ndio waliokuwa wakikamatwa kwa ajili ya mmea huo kupita kadiri ya idadi yao. Kama sasa mmea umekuwa biashara halali, si haki nao waone faida yake?)

Machi 2021 madiwani wakapiga kura, 8 kwa 1, kutoa dola 400,000 za mwanzo. Aliyekaa Evanston akiwa mtu mweusi mzima kati ya mwaka 1919 na 1969, au mzao wake, angeweza kuomba dola 25,000 za kutengeneza nyumba, au za kununulia, au za kulipia deni la nyumba. Wazee walitangulizwa. Fedha haikuwatosha wote, basi Januari 2022 majina yakachaguliwa kwa bahati, kwa vijitufe vyenye namba, wakapatikana 16. Baadhi ya wazee waliobaki walifariki kabla zamu yao haijafika.

Yule diwani mmoja aliyekataa alikuwa Bibi Cicely Fleming, naye ni mweusi. Wenzetu walimtumia dhidi yetu, nasi hatukuwa na jibu. Leo ninalo, nalo ni kwamba alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Hakusema watu wasilipwe. Alisema kwamba mpango ule ni mpango wa nyumba uliovikwa jina la fidia, kwa kuwa fedha ilipitia benki na mafundi, na mwenye kudhulumiwa hakuachiwa kuamua mwenyewe. Ni kama mtu aliyekuibia mbuzi, akirudisha anakuchagulia na kamba ya kumfungia. Miaka miwili baadaye, Machi 2023, Baraza liliruhusu watu wapewe fedha taslimu. Mimi naona hilo ni sifa kwa aliyekataa na kwa Baraza pia.

Hoja ya wenzetu iliyoniuma zaidi ni ile ya mlipa kodi wa leo, ambaye hakumnyima mtu nyumba. Kwa nini atoe? Hata mahakamani imefika; Mei 2024 watu ambao si weusi, lakini wazee wao walikaa Evanston miaka ile ile, waliushtaki mji wakisema mpango huu nao unabagua kwa rangi. Siwadharau. Lakini nasema hivi: mtu hufa, baraza halifi. Baraza likikopa fedha za kujengea mabomba, madiwani wa miaka thelathini baadaye watalipa, wala hapana anayesema, "Mimi sikunywa maji yale." Wanayapokea mabomba, barabara, majengo na mihuri ya waliowatangulia. Wakipokea mali wakaacha madeni, huko si kurithi, ni kuchagua. Na ndiyo sababu napenda jambo hili lianzie katika baraza la mji badala ya kungoja serikali kuu. Aliyechora mstari katika ramani ya 1921 alikuwa baraza, na kabati la ramani ni lake.

Sisemi kwamba Evanston umepona. Dola 25,000 hazinunui nyumba huko, labda zinaezeka paa. Neno kupona hutumiwa ovyo siku hizi; watu hufanya mkutano, huimba, hupanda mti, husema wamepona. Katika mji wa Tulsa, Oklahoma, umati wa watu weupe uliuchoma mtaa wa watu weusi uitwao Greenwood tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, na waliouawa wengine wakazikwa bila alama. Miaka mingi haikuzungumzwa. Mwaka 2018 meya wa Tulsa alitangaza kwamba mji utayatafuta makaburi, wakachimba katika makaburi ya Oaklawn, na mwaka 2024 akatambulikana mtu wa kwanza kwa jina, C. L. Daniel, aliyekuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, mahakama kuu ya jimbo ilikataa madai ya fidia ya wazee walionusurika. Mfupa ulipata jina, na walio hai hawakupata senti kwa sheria. Sijui niite hilo nini, lakini mtu mmoja sasa ana jina juu ya kaburi, na asingelipata kwa methali yetu.

Nimalize na habari ya nyumbani, maana niliahidi mwenyewe sitaandika juu ya Marekani tu. Babu yangu alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo ambao sitautaja. Alikuwa mtu wa kuja, si kabila la pale. Baraza la huko lilipopanua soko aliambiwa aondoe kibanda chake, na wenyeji waliokuwa jirani zake wakapewa vyumba vipya. Yeye akaambiwa jina lake halimo daftarini. Alikuwa amelipia kiwanja kile miaka kumi na mmoja. Risiti anazo mpaka leo, katika kopo la biskuti, zimekunjwa vizuri kama noti.

Likizo iliyopita nilimsimulia mambo ya Evanston. Nilitazamia aulize dola 25,000 ni shilingi ngapi. Hakuuliza. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hayo madaftari ya zamani waliyapata wapi?"

Nawaambia ninyi wazee wetu mliopita katika shule hii, ambao wengine wenu leo ni madiwani na makarani wa wilaya: swali hilo ni lenu, mimi sina jibu lake. Nimesikia kwamba madaftari ya zamani huchomwa ili kupata nafasi ya mapya. Kama ni kweli, yaacheni angalau yale ya viwanja.

Hoja yetu tumeomba ijadiliwe tena muhula ujao, na ndugu yangu wa bweni amekubali kusimama upande wake ule ule, bila methali. Mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi katika baraza au katika afisi ya ardhi, akipenda kuja kusema, hata akiwa upande wa wenzetu, amwandikie Katibu wa Chama cha Mdahalo kabla ya mitihani.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita