Daktari na Wenzake

Wasomaji wetu wa Kitui na Makueni hawakuusahau msiba wa mwaka 2004. Katika miezi ya kwanza ya mwaka ule watu waliletwa hospitali macho yao yamekuwa ya manjano na matumbo yamevimba. Kufikia mwezi wa Julai hesabu ya wagonjwa ilikuwa 317, nao waliokufa 125. Wachache walitoka Machakos, Thika na kwingineko. Wengi sana walikuwa wa Makueni na Kitui.

Kilichowaua ni sumu iitwayo aflatoksini, itokayo katika kuvu iotayo juu ya nafaka. Sumu hiyo huliharibu ini, wala hapana dawa ya kuiondoa mwilini. Hata kuyapika mahindi hakuimalizi. Daktari, awe hodari namna gani, aweza kumtunza mgonjwa tu na kungoja.

Basi na tulifikiri jambo hili. Ugonjwa ulionekana hospitalini, lakini chanzo chake kilikuwa nyumbani, katika mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu. Macho ya manjano huletwa na magonjwa mengi, na kwa kuyatazama tu hakuna awezaye kujua ni lipi. Ilibidi damu ipimwe, mahindi yapimwe, na watu waende mji kwa mji kuuliza chakula kilivunwa lini na kiliwekwa wapi. Ndipo serikali ilipogawa chakula kingine badala ya kile kibaya. Kazi hiyo yataka mpimaji wa maabara, muuguzi, Bwana Afya na Bwana Shamba, kila mmoja na elimu yake.

Kwa hiyo twasema kwamba kijana anayesomea udaktari hana budi kufundishwa, pamoja na elimu ya mwili na dawa, namna ya kufanya kazi na watu hao. Tusidhani kwamba tabia hiyo huja yenyewe. Mtu aliyesoma miaka sita akisikia sifa za udaktari peke yake, atawezaje kumsikiliza muuguzi amwambiapo, “Bwana, wagonjwa hawa watatu wametoka kijiji kimoja”? Naye muuguzi aliyezoea kukemewa atanyamaza, na kwa kunyamaza kwake kijiji kizima chaweza kuendelea kula sumu.

Njia zimekwisha kuonyeshwa hapa kwetu. Mwaka ule ule wa 2004 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ilianzisha mafunzo ya kuchunguza magonjwa, ambamo madaktari wa watu, madaktari wa mifugo na wataalamu wa maabara husoma pamoja na kutumwa pamoja mashambani. Kadhalika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, huwapeleka wanafunzi wake wa udaktari na wa uuguzi katika vituo vya afya vya vijijini, wakajifunze kazi kati ya watu. Ni vema desturi hiyo ienee katika kila chuo, na ianze mapema, kabla kiburi hakijaota mizizi.

Wako wanaouliza: ikiwa wote watasema, nani atakuwa mkubwa? Jibu ni jepesi. Panapotakiwa kukata shauri juu ya dawa ya mgonjwa, daktari ndiye mwenye kujibu. Lakini nahodha asiyemsikiliza mtu aliyepanda mlingoti kutazama miamba, ukubwa wake hautakizuia chombo kuvunjika.

Nanyi wasomaji mna sehemu yenu. Karani wa hospitali aandikaye majina kitabuni ndiye wa kwanza kuona kwamba kijiji kimoja kimetajwa mara nyingi mno, asiogope kusema. Mkulima naye aulizwapo juu ya ghala lake, asione kwamba anadharauliwa, bali ajibu kweli. Tena akaushe mahindi yake barabara kabla ya kuyatia guniani, ayaweke juu ya mbao pasipo unyevu, na yaliyoota kuvu asimpe mtu wala mnyama.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wetu walilijua hilo zamani. Yafaa na vyuo vyetu vya udaktari vilifundishe.