Kivu na Ituri: kashe na herufi za zahabu zinatengenezwa kwa telefone, basi kominike ya kweli itajulikana namna gani?

Asubuhi, mbele watu hawajaenda sokoni, picha moja inaingia katika grupe ya WhatsApp ya kartie. Juu kuna alama ya inchi, chini kuna sinyatire na kashe ya buluu. Katikati ni maneno machache: masomo yamesimamishwa, ao barabara fulani imefungwa, ao ONG moja inatafuta watumishi wengi kwa mara moja. Ndani ya saa moja picha hiyo imekwisha toka Goma mpaka Bukavu, na kutoka Butembo mpaka Bunia. Wengi wanaangalia kitu kimoja tu: kashe iko? Kama iko, wanatumia wengine.

Lakini kashe ya namna hiyo, leo, ni maandishi tu yaliyozungushwa na kompyuta.

Kazi ya kupamba maandishi

Katika miji yetu, vijana wengi wanakula kwa kazi hii. Wako kwenye sekretaria publike, karibu na mashini ya fotokopi, ao nyumbani na telefone peke yake. Wanatengeneza afishi za ndoa, za kilio, za kampeni ya kanisa, na vibao vya butike. Mbele ya uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, sura za wakandida zilijaa kwenye kuta na nguzo za umeme, na karibu kila jina lilikuwa na herufi nene, zenye kivuli na rangi ya kung'aa.

Namna ya kufanya si siri. Programu inaweka kila kitu juu ya kipande chake, sawa vile karatasi za plastiki zinazopangwa moja juu ya ingine. Maandishi yanakaa kwenye kipande kimoja, picha kwenye kingine. Kisha fundi anaongeza kivuli nyuma ya herufi ili zionekane zimeinuka, anazizungushia mstari, anatia rangi inayotoka manjano nyepesi mpaka kahawia, na mtu anayeangalia anaona zahabu. Akitaka maneno yafuate duara, anachora duara na maneno yanazunguka yenyewe.

Photoshop, programu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo, ilianza kuuzwa mwaka 1990. Vile vipande vya kupangana vilikuja mwaka 1994. Wakati ule ilihitaji kompyuta ya bei kali. Leo kuna GIMP, isiyoombwa feza, kuna Canva, na kuna aplikasio ndogo za telefone kama PixelLab. Kile kilichoomba mashini ya imprimerie, sasa kinaomba mega kidogo na batri yenye moto.

Jicho limebaki nyuma

Kitambo, karatasi yenye alama ya inchi, herufi zilizopangwa vizuri na kashe ilitoka kwa mwenye biro. Raia wa kawaida hakuwa na njia ya kuitengeneza. Kwa hiyo watu walizoea kwamba karatasi safi ni karatasi ya mkubwa. Mashini zimebadilika, lakini mazoea hayo hayajabadilika, na hapo ndipo mdanganyifu anapita.

Madhara si ya kuchekesha. Mzazi anauza mbuzi ili kijana wake alipe feza ya dosie kwa kazi isiyokuwako. Mgonjwa anaacha kwenda kwenye kituo cha afya juu ya tangazo ambalo daktari hakuandika. Na pale penye vita, neno moja linaweza kuhamisha mji. Tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka 2021, siku tano nyuma ya volkano Nyiragongo kulipuka, gavana alitoa amri watu watoke katika kartie 10 kati ya 18 za Goma. Amri ile ilikuwa ya kweli, na watu maelfu na maelfu walichukua barabara ya Sake, ya Rutshuru na ya Rwanda, wakiwa na magodoro kichwani. Fikiria karatasi ya uongo yenye maneno kama yale.

Tangu M23 kuingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili 2025, mambo yamekuwa magumu zaidi. Makominike yanatoka pande mbili, kila upande na alama zake, na mkaaji aliye katikati hana njia rahisi ya kwenda kuuliza kwenye biro.

Wenye kutoa matangazo nao wana sehemu yao

Ni rahisi kulaumu vijana wa kompyuta. Lakini biro nyingi za serikali na mashirika zinatoa matangazo yao kwa njia ileile ya mdanganyifu: picha ya karatasi iliyopigwa kwa telefone, kisha kutupwa katika WhatsApp. Hakuna mahali pengine pa kuhakikisha, hakuna namba ya kupiga. Mara ingine kominike ya kweli inafika imepinda na haisomeki, na ile ya uongo inafika safi kabisa. Mtu akichagua kwa uzuri, atachagua ya uongo.

Sheria iko. Kodi ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inaazibu mwenye kuanzisha habari ya uongo kwenye mitandao na mwenye kuirudilia pia. Lakini kesi inakuja nyuma, wakati feza zimekwisha kuliwa na watu wamekwisha kukimbia.

Mambo ya kuangalia

Kuna alama zinazosaidia. Mara nyingi mdanganyifu anachukua barua ya kweli na kubadilisha tarehe ao jina tu: herufi za pale hazifanani na zingine, na karatasi iliyo nyuma yake ni nyeupe kuliko kwingine. Kashe ya mkono haishike wino sawasawa, ila ile ya kompyuta ina rangi moja pande zote. Angalia pia kama siku na tarehe vinapatana. Na kazi inayoomba feza mbele ya kuanza, hiyo inapashwa kutiliwa mashaka hata ikiwa na kashe tatu.

Lakini fundi mzuri hataacha alama hizo. Kwa hiyo ulizo la kufaa si kama karatasi ni nzuri. Ni hili: nani aliitoa, na nani mwingine amelisema? Kiongozi wa kartie, mkubwa wa shule, redio ya pale, mtu wa ONG anayejulikana: mmoja wao anaweza kuulizwa kwa dakika tano. Mafundi nao wanaweza kukataa kuchora kashe ya biro kwa mtu asiyekuja na barua ya biro hiyo. Watapoteza mteja mmoja, lakini kazi yao itaendelea kuheshimiwa.

Mpaka mazoea hayo yapatikane, picha iliyoingia asubuhi ingojee kwanza. Kama habari ni ya kweli, itakuwa ya kweli hata kiisha kuulizia.